Viti mwendo vya Ralf Hotchkiss: mafundi wa baiskeli wa Tanga tunaweza kuvifuata?

FundiNgamiani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kiufundi, si wa fedha. Kuna viti mwendo 14 vya msaada hapa Tanga mjini, vile vya hospitali: vinakunjika katikati, magurudumu ya nyuma inchi 24, ya mbele ni plastiki ngumu inchi 5. Juu ya lami havina neno. Vikiacha lami na kuingia vichochoro vya Ngamiani, au mchanga wa kuelekea Sahare, gurudumu la mbele linajichimbia na aliyekaa anakwenda kifudifudi. Vitatu vimekatika ule msalaba wa chini ya kiti.

Watu wananitajia Ralf Hotchkiss, kwamba viti vyake vinatengenezwa popote penye fundi wa kuchomelea na duka la baiskeli. Huyu bwana alifanya nini hasa cha tofauti? Hivi vya hospitali vinaweza kubadilishwa vifuate mfumo wake, au nitapoteza fito za kuchomelea bure? Na kwa vile mji wetu ni mji wa baiskeli, tairi na beringi zipi za dukani zinaingia?

---

Mwambao

Nianze na mtu mwenyewe, mafundi watakuja na vipimo.

Hotchkiss ni Mmarekani aliyezaliwa 1947. Mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Oberlin huko Ohio, alipata ajali ya pikipiki, uti wa mgongo ukaumia na miguu ikapooza. Alipotoka nje mara ya kwanza na kiti alichopewa, kikambwaga kwenye ufa wa njia ya waenda kwa miguu. Alikuwa mtu wa fizikia, basi akaanza kukifungua na kukiunda upya, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yake.

Kabla ya kujikita kwenye viti alifanya kazi Washington na Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji, kwenye mambo ya usalama wa magari. Usilipite hili haraka. Pale alizoea kumuuliza mtengenezaji kwa nini chuma kimekatika badala ya kumlaumu dereva. Na soko la viti mwendo Marekani enzi hizo lilikuwa mkononi mwa kampuni moja, Everest & Jennings, wenye kiti cha kukunja cha miaka ya 1930. Hicho ndicho babu wa hivyo 14 vyako. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa kubana ushindani.

Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wanne wakipokezana kiti kimoja. Akaanza kuunda viti pamoja na wenyeji wenye ulemavu, na humo ukatoka mwongozo wa mwaka 1985 wa kutengeneza kiti kiitwacho Torbellino, neno la Kihispania lenye maana ya kisulisuli. Mwaka 1989 alipata tuzo ya MacArthur, na mwaka huohuo kazi ikapata makao Chuo Kikuu cha San Francisco State, ambako baadaye ikajulikana kwa jina la Whirlwind, yaani kisulisuli kilekile kwa Kiingereza. Michoro yake hakuikatia hataza, makusudi, ili karakana yoyote iichukue na kuirekebisha. Na marekebisho yalirudi kwake: gurudumu la mbele ambalo limempa sifa zaidi, pana, nene, la mpira, linaitwa hadi leo "gurudumu la Zimbabwe" kwa sababu wazo lilitoka huko, si California.

Wengine humwita mhandisi mwenye huruma. Mimi naona jina hilo linampunguza. Ni mwanaharakati, na harakati zake ziko ndani ya uchaguzi wa nati: ukifunga nati inayouzwa duka la baiskeli, mwenye kiti hatamsubiri tena mfadhili aliyekileta.

---

ChumaMoto

Mkuu FundiNgamiani, tatizo lako ni mahali gurudumu la mbele lilipo, na ukubwa wake. Ya pili ni rahisi kuielewa, tuanze nayo.

Chukua mtu na kiti vyenye jumla ya kilo 90, na tuseme kilo 27 zimeegemea mbele. Gurudumu la inchi 5 lina nusu kipenyo cha sentimita 6.25. Likikuta jiwe la sentimita 3, linahitaji msukumo wa mlalo wa karibu kilo 44 ili lipande. Weka la inchi 8, nusu kipenyo sentimita 10, jiwe lilelile linahitaji kama kilo 28. Kwenye mchanga upana nao unaingia: plastiki nyembamba inakata kama kisu, mpira mpana na laini unaelea juu. Ndiyo siri nzima ya gurudumu la Zimbabwe.

Sasa mahali. Viti vya Hotchkiss, huu wa karibuni unaoitwa RoughRider ukiwa mfano mzuri, vina msingi mrefu: gurudumu la mbele limesogezwa mbali, karibu na vidole vya miguu. Piga hesabu. Uzito wa mtu aliyekaa uko kama sentimita 60 juu ya ardhi. Kama gurudumu la mbele linagusa ardhi sentimita 30 tu mbele ya uzito huo, kiti kinapinduka kwenye mteremko wa nyuzi 27 hivi. Sogeza hadi sentimita 45, kinastahimili karibu nyuzi 37. Faida hiyohiyo unaipata gurudumu likikwama ghafla shimoni, na kusema kweli hapo ndipo watu wengi wanaumia, kuliko kwenye miteremko.

Hasara ipo: kiti kirefu kinahitaji nafasi zaidi kugeuka. Kwenye korido ya nyumba ya Kiswahili kitabishana na milango. Mwambie mtumiaji kabla hujakata chuma.

Kubadilisha viti vya hospitali kunawezekana, ila usifanye kosa ambalo karibu kila fundi hulianza nalo: kufungua la inchi 5 na kufunga la inchi 8 kwenye uma wa urefu uleule. Mbele itapanda sentimita 3.75. Pini iliyosimama wima ya gurudumu italala nyuma kama nyuzi 5, na hapo gurudumu linaanza kutetemeka mbio zikiongezeka, na kiti kinavuta upande. Nyumba ya pini lazima nayo ipandishwe sentimita 3.75 kwenye fremu. Pima kwa timazi mtu akiwa AMEKAA, tairi za nyuma zikiwa na upepo wa kutosha. Ukipima kiti kitupu utadanganyika.

Kuhusu msalaba uliokatika: haukatiki kwa uzito tu. Bolti ya katikati inalegea, tundu linakuwa yai, bomba linapinda kidogo kila anapokaa, hadi linachoka pembezoni mwa weldi. Usipake weldi juu ya ufa. Kata palipooza, ingiza ndani kipande cha bomba cha sentimita 10 kinachobana, toboa matundu mawili kila upande uyajaze weldi, ndipo uzungushie maungio. Kwenye bolti weka nati yenye plastiki ndani. Kaza hadi mwisho, kisha rudisha robo mzunguko ili kiti kikunjike.

Bomba hizi zina unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Fito ya 2.5 kwa moto mkubwa inatoboa. Tumia ya 2.0, ampea 40 hadi 60, choma vipande vifupi ukipokezana pande. Kromu iondoe kwa grenda sentimita 3 kila upande, nje penye upepo, umevaa barakoa. Moshi wake ni sumu. Kama fremu ni ya alumini (sumaku haishiki, na haina kutu), iache. Mashine ya fito ya mtaani si ya kazi hiyo.

---

BiMkwakwani

Kaka ChumaMoto umeeleza vizuri, ila umeruka visigino. Gurudumu la mbele linazunguka duara zima. Kama ekseli yake iko sentimita 5 nyuma ya pini na nusu kipenyo ni 10, linafagia duara la sentimita 15 kutoka kwenye pini. Ukilisogeza mbele bila kugusa vikanyagio, litagonga visigino kila kiti kikirudi nyuma, na mtu asiye na hisia miguuni hatajua mpaka aone damu kwenye soksi. Kwenye viti vya msingi mrefu miguu hukaa pamoja katikati na magurudumu yanapita kwa nje. Kwa hiyo vikanyagio viwili vya hospitali unaving'oa, unaweka kimoja chembamba cha kati.

Halafu, kabla ya grenda, mpimeni mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008 wenye hatua nane: kupokelewa, kupimwa, kuandikiwa kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha, na kumfuatilia. Viti vya msaada mara nyingi vimeruka sita kati ya hizo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Upana wa kiti ni upana wa nyonga, usiongeze "ili akae kwa raha", kwa sababu ataegemea upande mmoja na mgongo utapinda. Kina cha kiti pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 5. Ukiacha kirefu, ukingo utamkata nyuma ya goti naye atateleza mbele kuukwepa. Kutoka juu ya mto hadi kwenye kikanyagio ni urefu wa ugoko mpaka kisiginoni, amevaa viatu anavyovivaa siku zote. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito wote unahamia kwenye mifupa ya makalio.

Hapo tunafika kwenye mto, na naomba msiuchukulie kama pambo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo akikalia turubai tupu anaweza kupata kidonda cha mgandamizo ndani ya siku chache, na vidonda hivyo huua kwa maambukizi. Sponji ya godoro inafaa mkiijenga kwa tabaka: chini sponji ngumu sentimita 5, juu laini sentimita 2 au 3. Upime kwa mkono: mtu akiwa amekaa, pitisha kiganja chini ya mfupa wa kalio. Vidole vikibanwa hata kusogea haviwezi, mto umekufa. Funika kwa kitambaa kinachonyooka. Plastiki inayobana juu ya sponji inageuza mto kuwa ubao na jasho la Tanga mnalijua. Na ajifunze kujiinua au kuegemea mbele mara kwa mara, angalau kila nusu saa, akikaa hivyo dakika mbili hivi. Kujiinua sekunde tano hakurudishi damu.

Kama mtoto au mtu mzima hawezi kukaa wima mwenyewe, hiyo si kazi ya karakana ya baiskeli. Mafundi wa viungo bandia na viti mwendo husomea TATCOT, chuo chao kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Anzeni hospitali ya Bombo hapa Tanga, idara ya mazoezi ya viungo, waulizeni rufaa.

---

FundiNgamiani

Ahsanteni sana, dada BiMkwakwani umenifungua macho kwenye visigino. Tumejaribu tairi ya baiskeli ya inchi 24 kutoka duka la Barabara ya 12, imekataa kabisa kuingia kwenye rimu ya kiti. Yote imeandikwa 24. Kuna nini hapo?

---

ChumaMoto

Usiamini inchi, soma namba ndogo pembeni mwa tairi, zile mbili zenye kistari katikati. Ya pili ndiyo kipenyo cha kikalio cha tairi kwa milimita. Kiti cha hospitali chenye tairi nyembamba ya 24 x 1 3/8 huwa ni 37-540. Baiskeli ya kijana ya 24 x 1.75 ni 47-507. Tofauti milimita 33, hata ukitumia vijiko vitatu haiingii.

Ushauri wangu: badilisha rimu, iwe ya 507. Tairi za 507 zipo kila duka, ni pana, zinafaa mchanga. Za 540 utazisaka mpaka Dar. Angalia tu idadi ya matundu ya spoku ilingane na habu, mara nyingi 36, na ujue spoku zitabadilika urefu kwa kuwa rimu imepungua. Kiti nacho kitashuka kidogo nyuma, pima tena pini.

Ila habu ya baiskeli usiitumie nyuma! Ekseli ya baiskeli ina milimita 9 au 10 na imeshikwa pande zote mbili na uma. Ya kiti mwendo imeshikwa upande mmoja tu, mzigo wote unaning'inia. Itapinda mwezi wa kwanza, ikatike wa tatu. Kereza habu ya chuma yenye beringi mbili, ekseli bolti ngumu ya milimita 12 au 15. Beringi 6001 ni 12 ndani, 28 nje, unene 8. Ya 6202 ni 15, 35 na 11, na ipo kila duka la spea za pikipiki. Kwa mbele, 608 inachukua bolti ya milimita 8, lakini naona ni dhaifu kwa barabara zetu. Dai zilizoandikwa 2RS mwishoni, zina mpira pande zote mbili. Za ZZ zina bati tu, na mchanga wa pwani unapita humo kama mgeni wa harusi.

---

KalamuYaPangani

Upande wa haki, maana Hotchkiss hakutenganisha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 inahusu mtu kujiendea mwenyewe, na inawataja hata watengenezaji wa vifaa. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi anatakiwa watu wenye ulemavu wafikie asilimia 3 ya watumishi wake. Kiwanda cha watu 100, watatu. Karakana ikianzishwa, na mwenye kiti awe fundi humo; ndivyo zilivyoendeshwa nyingi za Whirlwind, na faida ni ya kiufundi pia, kwani mtu anayekalia weldi yake haipaki ovyo.

Fedha: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Angalizo: ni mkopo, unarudishwa. Kuukopa ili kugawa viti bure ni kujifunga. Ukopeni kwa mashine ya kuchomelea, grenda, jigi (kiunzi cha kushikilia fremu wakati wa kuchomelea) na akiba ya beringi, kisha karakana iingize kipato kwa matengenezo na kazi za madirisha. Kwenye andiko wekeni bei ya kila kipande kutoka maduka mawili tofauti. Maandiko mengi hukwama kwa kuandika "vifaa" na jumla moja tu.

Vyama vipo: CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, na SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho. Barua ya kata ina uzito zaidi ikisindikizwa na ya chama.

---

BiMkwakwani

Nyongeza ya breki, kwa sababu ndiyo inayoleta watu hospitali wakati wa kuhamia kitandani. Breki ya kiti mwendo hukandamiza tairi. Tairi ikipungua upepo, breki haishiki, ingawa mkono unasikia "imefunga". Kwa hiyo jazeni upepo kwanza, kisha rekebisheni breki. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

---

ChumaMoto

Kweli kabisa. Na chumvi: karibu na bahari kutu inaanzia ndani ya bomba. Kila bomba lililo wazi lizibwe kwa weldi au plastiki, na toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Rangi ya kwanza redi oksaidi mikono miwili, ndipo rangi ya mafuta. Kila wiki kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kikauke, tone la oili kwenye pini na bolti ya msalaba. Oili ikizidi inakamata mchanga na kuwa msasa.

FundiNgamiani, anza na kiti kimoja kati ya vile vitatu vilivyokatika, usianze na vizima. Mkalishe mwenyewe, teremka naye Raskazone mmoja akishika kwa nyuma, kisha weka hapa vipimo vya pini kabla na baada.